Blondi zilizobaki mbichi katikati: kisa cha trei mbili za Nakuru

Jumamosi moja, saa tano asubuhi, binti wa kaka yangu alikata trei ya kwanza ya blondi jikoni kwangu hapa Nakuru, na kisu kikazama kama kimetumbukizwa kwenye uji. Kingo zilikuwa zimeiva vizuri, rangi ya asali, zina ule ukoko mwembamba unaong'aa ambao kila mwokaji huutafuta. Lakini vidole vinne tu kutoka ukingoni unga ulikuwa mbichi, na jamu ya stroberi ilikuwa imeshuka ikalala chini ya trei kama tope jekundu. Trei ya pili ilikuwa vilevile. Oda ilikuwa ya vipande 32, ya kikao cha chama cha akina mama wa mtaa wetu, saa nane mchana.

"Shangazi, sasa nifanye nini?"

Nilimwambia azirudishe kwenye oveni. Zikakaa dakika ishirini zaidi. Kingo zikawa ngumu kama biskuti ya siku tatu, katikati pakabaki palivyokuwa. Akapiga simu, akaomba radhi, akarudisha pesa alizotangulizwa, halafu akaenda kukaa nje kwenye ngazi, aproni ikiwa bado shingoni. Iliniuma sana. Huyu ni msichana aliyehama Kisumu akiwa na sanduku moja la nguo na katoni moja ya vyombo vya kuokea, na kwenye katoni hiyo alifunga trei zake kwa taulo kama mtu anayesafirisha mayai.

Naandika kisa chote kwa sababu waokaji wengi wa nyumbani huku juu, Nakuru, Kericho, Eldoret, hukutana na tatizo hili na hupewa jibu lisilo lake. Hata mimi siku ile nilimpa jibu lisilo lake.

Kwa ambaye hajakutana nayo, blondi ni ndugu ya brauni, kitafunio cha Marekani, ila haina kakao hata kidogo. Ladha yake inatokana na siagi, sukari ya kahawia na vanila. Haiumuki kama keki. Inatakiwa iwe nzito, itafunike, na iwe na unyevu ndani. Ile ya matunda hudondoshewa jamu juu ya rojo kabla ya kuingia motoni, kisha jamu inavutwa kwa ncha ya kisu hadi ibaki michirizi. Shida ni kwamba kati ya blondi yenye unyevu na blondi mbichi hapana nafasi kubwa. Keki husamehe maji kidogo ya ziada, blondi haisamehi.

Zilivyokuwa Kisumu

Alianza kuzioka Migosi, kwa mama yake, ambaye ni wifi yangu. Tunda lilikuwa mapera. Msimu ukifika mapera huko ni ya kuokota, yanaota kwenye vichaka na kando ya njia, na ukiyataka mengi unakwenda soko la Kibuye na ndoo. Wifi huyachemsha na maji kidogo, anayasugua kwenye chujio ili mbegu zibaki, kisha ile nyama ya waridi inarudi kwenye sufuria na sukari na maji ya ndimu. Hana kipimo. Anakoroga hadi mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha barabara, na barabara hiyo inakawia kuzibika. Basi, anazima.

Sukari nayo ina habari yake. Maelekezo ya kigeni yanataka sukari laini ya kahawia, ile yenye molasi, inayoshikana mkononi kama mchanga wa mto. Sukari yetu ya dukani, hata ikiwa na rangi, ni punje kubwa kavu. Haitoi ladha hiyo, na mara nyingi punje hubaki zinakwaruza ulimi. Wao walikuwa na kitu bora karibu. Ukanda ule ndio wa miwa, kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilianza Miwani, hapo nje ya Kisumu, mwaka 1922, na hadi leo sukari nguru inapikwa kwenye vinu vidogo kuanzia Muhoroni hadi Kakamega. Binti aliparuza nguru kwa kiparuzio cha karoti, akaiyeyusha pamoja na siagi kwenye moto mdogo. Harufu inayotoka hapo ni ya karameli na miwa iliyochomwa kidogo. Nimeoka miaka mingi na sijawahi kupata blondi yenye ladha iliyokolea kama ya nguru. Ningependa waokaji wetu waiheshimu sukari hii, badala ya kuiachia wapika pombe.

Vipimo vyake kwa trei moja ya mraba ya inchi 9 ni hivi: siagi gramu 170, nguru gramu 150 na sukari ya kawaida gramu 100, mayai mawili, unga wa ngano wa kawaida gramu 220, vanila vijiko viwili vya chai, chumvi nusu kijiko, beking poda nusu kijiko. Jamu ya mapera gramu 130 juu. Nyuzi 175, nusu saa. Vipande 16. Kisumu hazikumharibikia hata mara moja.

Kila mtu alikuwa na jibu

Jirani alisema ni oveni. Kaka yangu, kwa simu, alisema ni nguru, kwamba ile aliyoibeba ilikuwa imenyonya unyevu safarini. Mimi nilisema ni mwinuko. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na Kisumu mita 1,130 hivi, na kila mwokaji amewahi kusikia kwamba mahali pa juu keki husumbua. Ni kweli husumbua: gesi ya beking poda hutanuka zaidi na maji hukauka upesi zaidi. Nilikuwa tayari kumwambia aongeze unga na apunguze beking poda, mambo yaishe.

Yeye ndiye aliyekataa. "Shangazi, tukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hatutajua ni kipi." Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa sahihi.

Oveni tuliimaliza kwanza, maana ndiyo rahisi. Sukari nyeupe huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Tuliweka kijiko kimoja juu ya kipande cha foili, kitufe kwenye 175, tukaiacha robo saa. Punje zilibaki punje. Tukapandisha hadi 195, na baada ya robo saa nyingine ilikuwa imeyeyuka. Kwa hiyo 175 ya oveni yangu haiko mbali na 175 ya kweli. Mwenye oveni ya gesi isiyo na namba zinazoaminika anaweza kufanya jaribio hili leo jioni kwa kijiko kimoja cha sukari.

Kisha alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alioka trei nzima bila tunda lolote. Siagi ileile, nguru ileile iliyosingiziwa, unga uleule, beking poda ileile, oveni ileile, mwinuko uleule. Dakika 28. Tukaiacha ipoe, tukakata katikati kabisa. Ilikuwa imeiva hadi chini, inatafunika, unyevu wake ni ule unaotakiwa. Kipande cha katikati nilikila nikiwa nimesimama pale pale, na huku nakila nilijua kwamba mimi, jirani na kaka yangu sote tulikuwa tumekosea. Kama mwinuko ungekuwa unaharibu rojo, ungeharibu na hii.

Ikabaki stroberi.

Mtungi uliokuwa kwenye friji

Stroberi alinunua kilo moja sokoni, nzuri, nyekundu hadi ndani. Hakutaka mapera kwa sababu wateja wa hapa walimwuliza kama anatengeneza za stroberi. Alizipika na sukari gramu 200, na kwa kuwa ana mizani na anaandika kila kitu kwenye daftari, tulijua jamu iliyotoka ilikuwa gramu 960. Kila trei ilipata gramu 240. Zilizobaki, 480, zilikuwa kwenye mtungi ndani ya friji.

Tulimimina mtungi ule kwenye sufuria pana. Ilimwagika kama mchuzi. Baada ya kulala kwenye baridi, jamu halisi huanguka kwa donge. Tukawasha moto wa wastani. Kwanza ilitoa povu jepesi la waridi na mapovu madogo yanayokimbia. Baada ya dakika kumi mapovu yakawa makubwa, yanapasuka polepole kwa sauti nzito. Rangi ikatoka kwenye nyekundu ya soda ikawa nyekundu ya damu ya mzee. Dakika ya kumi na nane binti alipitisha mwiko, chini ya sufuria pakaonekana, tukahesabu moja, mbili, tatu, ndipo barabara ikazibika. Tukapima: gramu 225.

Kwenye gramu 480, zaidi ya nusu ilikuwa maji ambayo hayakuwa na kazi yoyote ndani ya blondi.

Hapo tukakaa na kalamu. Stroberi ni maji kwa asilimia 91 hivi, kwa hiyo kilo yake ina gramu 910 za maji. Jumla na sukari ilikuwa gramu 1,200, ikatoka 960, maana yake moto uliondoa 240 tu. Yalibaki maji gramu 670 ndani ya jamu ya gramu 960. Kila trei ilipokea, pamoja na jamu yake, gramu 168 hivi za maji. Sasa linganisha na rojo lenyewe: siagi ina maji kidogo, mayai mawili yana gramu 75 hivi, unga nao una unyevu wake, na ukijumlisha yote unapata kama gramu 130. Jamu ile ilikuwa imezidisha maji ya trei zaidi ya mara mbili. Ni kama angevunja mayai mengine manne humo ndani.

Mapera ni maji asilimia 81 hivi yakiwa mabichi, lakini tofauti kubwa haiko hapo. Mapera yana pektini nyingi, ile dutu ya tunda inayogandisha jamu, hasa yakichumwa kabla hayajalegea. Yenyewe hukwambia lini yameiva, yanakuwa mazito mbele ya macho yako. Stroberi ina pektini kidogo. Hubaki majimaji muda mrefu, na mpishi hudhani imeshafika. Kisha jamu nyepesi ikidondoshwa juu ya rojo haiachi mchirizi, inapotea, basi mpishi anaongeza. Ndiyo maana gramu 130 za mapera ziligeuka 240 za stroberi. Na kwa kuwa jamu ni nzito kuliko rojo, na rojo limelegezwa na maji hayo hayo, jamu ikazama. Joto la oveni hufika kingoni kwanza. Katikati likakuta dimbwi la kuchemshwa, si unga wa kuokwa.

Lakini kwa nini aliizima mapema?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike. Mtoto aliyelelewa kwenye sufuria ya mama yake, aliyeona barabara ya mwiko tangu akiwa na miaka kumi, anawezaje kuipua jamu ikiwa mchuzi?

Alinijibu akiangalia chini. Alipokuja Nakuru aliamua afanye biashara kwa vipimo, akanunua themomita ya jikoni. Maelekezo aliyosoma yalisema jamu huiva kwenye nyuzi 105. Wiki moja kabla ya ile oda alijaribu stroberi kidogo, akaisubiri 105. Ikakataa kufika. Ikakaa 95, 97, 99, akaendelea kungoja, na ilipofika hatimaye ilikuwa imeshika chini na ikipoa inavutika kama tofi, inang'ang'ania meno. Aliitupa pamoja na mwiko uliogandia humo. Siku ya oda aliogopa kuiunguza tena, na hakutaka kutumia jicho kwa sababu alishajiambia jicho si la kibiashara. Akazima kwenye 95.

Kwa hiyo mwinuko ulikuwemo, lakini nilikuwa nimeutafuta kwenye oveni, kumbe uko kwenye sufuria.

Nyuzi 105 ni namba ya watu wanaopika karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye 100. Jamu huiva pale inapokuwa na joto la nyuzi nne na nusu hivi zaidi ya maji yanayochemka, kwa sababu kiasi hicho cha sukari ndicho kinachopandisha kiwango cha mchemko. Mombasa hiyo ni 104 na nusu. Kisumu maji huchemka kwenye 96 hivi, kwa hiyo jamu ni kati ya 100 na 101. Hapa Nakuru maji huchemka kwenye 94 hivi, na jamu iko tayari kwenye 98 na ushei. Anayengoja 105 Nakuru amepita jamu zamani, ameingia kwenye peremende. Na 95 aliyozimia ilikuwa nyuzi moja tu juu ya maji matupu.

Hakuna haja ya kukariri namba za miji. Chemsha maji, tumbukiza themomita bila kugusa chini, soma, ongeza nne na nusu. Kazi ya dakika tano, inafanywa mara moja kwa kila mji na kila themomita, na inafichua pia themomita inayosema uongo. Asiye na themomita ana sahani. Weka kisosi kwenye friza, dondosha jamu tone moja, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Ikikunjamana, imeiva.

Marudio

Mama wa chama alikubali kutupa nafasi nyingine. Nilimpigia mwenyewe, nikamweleza ukweli wote, na sikumficha kwamba trei zile zilikuwa mbichi.

Safari hii binti alichanganya theluthi moja ya mapera na theluthi mbili za stroberi, ili pektini ya mapera ibebe rangi na harufu ya stroberi, na akakamua ndimu moja. Alipika hadi 98, akathibitisha kwa mwiko, akathibitisha kwa kisosi. Jamu ikapoa kabisa kabla ya kuguswa, kwa sababu jamu ya moto hulegeza rojo pale inapoangukia. Gramu 130 kwa trei, zilizopimwa. Aliidondosha madoa tisa, akiacha ukingo wa vidole viwili pande zote, maana jamu inayogusa bati huungua na kugandia. Kisha ncha ya kisu, mara nne kwenda na mara nne kukatiza, bila kufika chini. Hapo mkono huwasha kutaka kuendelea, nami namfahamu mwokaji yeyote aliyeendelea: michirizi hupotea na trei nzima hugeuka rangi ya zambarau iliyochujuka.

Jambo moja kuhusu kupima kuiva. Kile kijiti tunachochoma katikati kikipita kwenye mchirizi hutoka kimelowa jamu, na mtu huongeza dakika tano ambazo hazikuhitajika. Choma mahali palipo wazi, kati ya mchirizi na mchirizi. Makombo machache yenye unyevu ni sawa. Rojo linaloteleza, rudisha.

Dakika 31. Zililala juu ya meza usiku kucha zikiwa ndani ya trei, zimefunikwa kitambaa, na asubuhi zikakatwa kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kupanguswa kila baada ya mkato. Vipande 32. Ukikiangalia kipande ubavuni, mchirizi mwekundu ulikuwa umekaa kwenye theluthi ya juu, umeng'ang'ania pale ulipowekwa, na chini yake rangi ya nguru hadi mwisho. Kingo za trei moja zilikuwa kavu kidogo kuliko nilivyotaka. Nadhani ni upande wa nyuma wa oveni yangu, na wiki hii tutageuza trei dakika ya kumi na tano tuone.

Kwenye mpini wa themomita sasa kuna kipande cha gundi ya karatasi kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu: Nakuru 98. Desemba akienda nyumbani ataibeba, na ameshamwambia mama yake amwekee mapera yaliyokomaa lakini bado magumu, na sufuria ya maji matupu ya kuchemsha kabla ya kitu kingine chochote.